Zulia Linapoinuka Mlangoni: Marekebisho Yake na Haki ya Aliyelipa

(Mazungumzo na wakazi wa Kipatimu, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi)

 

 Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo likitajwa huonekana dogo: pindo la zulia pale linapoishia mlangoni. Tumelichagua kwa makusudi. Zulia likitandikwa vibaya, kasoro hujitokeza mlangoni kwanza, na mara nyingi hujitokeza wakati fundi ameshalipwa na ameshapanda basi. Hapo ndipo mlaji hujiuliza maswali mawili: nifanye nini ili mtu asijikwae, na gharama hii ni ya nani?

Msimu wa ufuta unapokwisha, na ule wa korosho vilevile, familia nyingi za wilaya hii hupata fedha ya kumalizia nyumba. Kamati za misikiti na jumuiya za kanisa nazo hukusanya michango ya kupamba nyumba za ibada. Zulia huletwa kutoka Dar es Salaam, Lindi au Kilwa Masoko, likapanda barabara ya Tingi na Chumo, likafika hapa likiwa limeviringishwa juu ya gari. Mara nyingi fundi huja nalo, hulitandika kwa siku moja, na kesho yake huondoka. Kwa hiyo mlaji wa Kipatimu ana sababu kubwa kuliko mlaji wa mjini ya kuikagua kazi kabla fundi hajafunga mkoba wake. Aliye mjini anaweza kumfuata fundi dukani kesho asubuhi. Aliye hapa atalipa nauli.

Wala hasara si ya fedha peke yake. Pindo lililoinuka hata sentimita moja linatosha kunasa kidole cha mguu. Mzee anayekwenda uani usiku, mama aliyebeba ndoo ya maji, mtoto anayejifunza kutembea: hao ndio huanguka. Msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, watu wengi hutoka kwa pamoja katika mlango mmoja, na wa nyuma hawaoni wanachokikanyaga wa mbele.

Kwa nini kasoro huanzia mlangoni

Kwenye kuta, ukingo wa zulia una mahali pa kujificha. Hakuna anayeukanyaga, na mara nyingi kabati au kochi huukandamiza. Mlangoni ukingo uko wazi, na kila anayeingia na kutoka huupiga kwa mguu.

Wasukaji wa mikeka wanalijua jambo hili kuliko sisi. Ukili ukishaunganishwa wote, mkeka bado haujakwisha. Hauna budi kushonwa taraza. Mkeka usio na taraza hufumuka pembeni hata kama ukindu wake ni mzuri na rangi zake zimekolea. Zulia nalo ni hivyo hivyo. Likikatwa kisu mlangoni na kuachwa hivyo, nyuzi zake zitafumuka, liwe la bei kubwa au ndogo.

Sababu ya kwanza ya kasoro ni kipimo. Fundi hupima chumba kutoka ukuta hadi ukuta, akasahau unene wa ukuta wenyewe mahali palipotobolewa mlango. Tofali la inchi 6 lina sentimita 15 au zaidi kidogo, na lipu ya pande mbili huongeza unene huo. Zulia lililokatwa kwa kipimo cha chumba peke yake litaishia ndani, kabla ya kufika chini ya mlango. Fundi akigundua kosa, huziba pengo kwa kiraka chembamba. Kiraka hicho kina eneo dogo la kushikwa na gundi, nacho kimewekwa mahali panapokanyagwa kuliko pote chumbani. Hakidumu.

Sababu ya pili ni sakafu. Gundi hushika saruji safi na kavu. Ikipakwa juu ya vumbi, hushika vumbi. Tena sakafu iliyomwagwa juu ya udongo bila nailoni chini yake hupandisha unyevu wa ardhi, hasa wakati wa masika, na unyevu huo hubandua gundi kutoka chini. Msikitini kuna jambo la ziada: mlango unaoelekea mahali pa kutawadhia hupokea miguu yenye maji mara tano kila siku. Pindo la mlango huo halifai kutegemea gundi peke yake.

Sababu ya tatu ni kukosekana kwa kibanio. Baadhi ya mafundi hupigilia misumari ya kawaida, ambayo baada ya muda huchomoza vichwa na kuchana nyayo. Wengine huyeyusha ukingo wa zulia la nailoni kwa moto ili usifumuke. Ukingo huo huwa mgumu, hukatika vipande, na vipande vyake ni vikali.

Kabla ya kugusa chochote

Mkiona pindo limeinuka, msianze kwa kisu. Anzeni kwa picha. Pigeni picha mkiwa mmesimama, kisha pigeni nyingine kwa karibu, futikamba ikiwa imelazwa pembeni ili kipimo cha pengo kionekane. Andikeni tarehe. Tafuteni risiti na karatasi yoyote ya makubaliano. Kisha mjulisheni fundi au muuzaji. Mlaji akikata na kubandika mwenyewe kabla ya kuonyesha kasoro, atakuwa amefuta ushahidi wake kwa mkono wake.

Wakati mnasubiri jibu, ondoeni hatari. Bandikeni tepu pana juu ya pindo, kutoka kwenye zulia hadi sakafuni, upana wote wa mlango, baada ya kupiga picha. Msifunike pindo kwa tambara la kufutia miguu: tambara huteleza, na huficha kile ambacho mguu ulipaswa kukiona.

Namna ya kurekebisha

Kazi hii ni ya saa chache kwa fundi makini, na mwenye nyumba anayejua kushika drili anaweza kuifanya. Hata asiyeifanya kwa mkono wake anufaike kwa kuijua, ili aweze kuisimamia.

Kwanza, pimeni unyevu. Inueni pindo, safisheni saruji, kisha bandikeni kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita hivi juu ya sakafu tupu, mkiziba pande zote nne kwa tepu. Kiacheni mpaka kesho yake. Mkikuta matone chini ya nailoni, au saruji imekuwa nyeusi mahali hapo, sakafu ina maji. Hapo gundi mpya itabanduka kama ile ya zamani, na dawa ni kibanio cha skrubu, pamoja na kutafuta maji yanakotoka.

Pili, chagueni mstari. Fungeni mlango, chukueni penseli na mchore sakafuni unene wa ubao wa mlango, upande wa ndani na wa nje. Zulia liishie katikati ya alama hizo mbili. Mlango ukiwa umefungwa, aliye ndani aone zulia tupu, na aliye nje aone sakafu yake tupu.

Tatu, kateni kwa unyoofu. Tumieni kisu kikali kinachoongozwa na chuma kilichonyooka, na mkate kidogo kidogo. Zulia likizidi linaweza kupunguzwa, likipungua halirefuki. Kama limeshapungua kwa sentimita moja au mbili, ukanda mpana wa kibanio unaweza kulifunika pengo. Kama limepungua zaidi ya hapo, kiraka chembamba hakifai. Itabidi kitafutwe kipande kipana cha zulia lile lile, manyoya yake yakielekea upande mmoja na mengine, na kiunganishwe kwa utepe wa gundi unaowekwa chini, kiungo kikiwa mbali na mahali panapokanyagwa sana.

Nne, fungeni ukanda wa alumini, ambao mafundi huuita stripu. Upo wa aina mbili zinazohitajika zaidi. Ukanda bapa ni wa mahali ambapo sakafu za pande zote mbili ziko sawa kwa kimo. Ukanda wa mteremko ni wa mahali zulia linapokutana na saruji au vigae vilivyo chini yake. Mteremko huo huuongoza mguu badala ya kuukwaza. Ukateni kwa msumeno wa chuma uenee upana wote wa mlango, na mlainishe ncha zake kwa tupa.

Kabla ya kutoboa, hakikisheni kwamba hakuna bomba la maji wala waya wa umeme unaopita chini ya mlango. Kisha toboeni saruji, toeni vumbi lote la tundu, ingizeni fisha za plastiki, na mkaze skrubu mpaka vichwa vyake vizame ndani ya ukanda. Kwa mlango wa sentimita 90, skrubu 6 zinatosha: za mwisho ziwe sentimita 3 kutoka kila ncha, na nyingine zigawanye nafasi iliyobaki kwa takriban sentimita 17. Zulia livutwe kwa mkono wakati wa kukaza, lisiachwe na mkunjo nyuma ya ukanda.

Tano, tazameni mlango wenyewe. Mlango unaosugua zulia kila unapofunguliwa utalichakaza pindo hata likiwa limebanwa vizuri. Msilikate zulia ili mlango upite. Utoeni mlango kwenye bawaba, mpige randa ukingo wake wa chini, mpaka upite juu ya manyoya na juu ya ukanda bila kugusa.

Wenye kapeti la plastiki nao wana lao. Kapeti lililokaa muda mrefu likiwa limeviringishwa hukumbuka umbo lile na kujikunja ncha. Litandazeni juani kwanza lilainike, lirudi kuwa bapa, kisha ndipo libanwe kwa ukanda mlangoni. Na kwa zulia dogo lisilobandikwa, mpelekeeni fundi cherehani alipige ovaloki au alishonee taraza ya kitambaa kigumu. Hiyo ni kazi ya gharama ndogo inayozuia zulia zima kufumuka.

Mwisho jaribuni. Vueni viatu, burutani unyayo juu ya pindo, mkiingia na mkitoka. Mguu usinase, na msihisi ncha ya skrubu wala ya chuma.

Gharama ni ya nani

Sasa tuje kwenye swali la pili. Nchi yetu ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo ya ushindani wa biashara inamlinda mlaji. Mtu anayefanya biashara ya kutoa huduma anawajibika kuitoa kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na vifaa anavyovileta kwa kazi hiyo viwe vinafaa kwa kusudi lake. Wajibu huo upo hata kama hamkuuandika popote. Zulia linaloinuka mlangoni wiki chache baada ya kutandikwa, kwa sababu halikufika chini ya mlango au halikubanwa, ni kazi ambayo haijakamilika. Anayepaswa kuikamilisha ni aliyelipwa kuifanya.

Mtaambiwa: “Si mnaona tangazo dukani? Mali ikishauzwa hairudishwi.” Tangazo hilo halifuti haki ambayo sheria imempa mlaji. Muuzaji ana haki ya kukataa kurudishiwa zulia zima kwa sababu tu mnunuzi amebadili mawazo kuhusu rangi. Hana haki ya kujificha nyuma ya kibao pale bidhaa au kazi yake ilipokuwa na kasoro.

Lakini haki ina pande mbili, na sisi hatukuja kuwafundisha kuwaonea mafundi. Mwenye nyumba aliyenunua zulia fupi mwenyewe, akaambiwa na fundi mbele ya shahidi kwamba halitafika mlangoni, naye akasema “tandika hivyo hivyo,” hawezi kumdai fundi. Aliyeacha maji ya mvua yaingie mlangoni msimu mzima naye atafute sababu nyumbani kwake kwanza. Ndiyo maana tumesisitiza picha na kipimo cha unyevu: vinaonyesha ukweli uko upande gani.

Utaratibu wa kudai ni huu. Semeni na fundi kwa upole, mbele ya mtu wa tatu. Asipotekeleza, mwandikieni barua fupi au ujumbe wa simu: tarehe ya kazi, kiasi mlicholipa, kasoro ilivyo, mnachotaka kifanyike, na muda mnaompa. Siku 14 ni muda wa haki kwa fundi anayetoka mbali. Tunzeni nakala. Muda ukipita bila jibu, mnaweza kumtafuta fundi mwingine, mkatunza risiti zake, na kumdai wa kwanza gharama hiyo. Ofisi ya kijiji inaweza kuwakutanisha mkasuluhishwa. Malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani. Kama mashaka yenu ni juu ya urefu, yaani mlilipia mita fulani mkapewa pungufu, hilo ni la Wakala wa Vipimo. Na deni litokanalo na mkataba linaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo.

Kila mwaka tarehe 15 Machi dunia huadhimisha Siku ya Haki za Mlaji. Chimbuko lake ni tarehe kama hiyo mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipolieleza Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Haki ya kusikilizwa ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa kuwa watu wengi hunyamaza wakidhani kwamba kasoro ya mlangoni ni aibu ndogo isiyostahili barua. Inastahili.

Kabla ya zulia lijalo

Ndugu zetu, ninyi ni wakulima, na utaratibu huu mnaujua. Hakuna anayekabidhi magunia ya ufuta ghalani bila kupimiwa na kupewa stakabadhi. Tunawaomba mwende na busara hiyo hiyo dukani na kwa fundi.

Pimeni chumba pamoja na fundi, na kwa kila mlango ongezeni umbali kutoka ukutani hadi chini ya mlango uliofungwa, pamoja na takriban sentimita 5 za kukatia. Ulizeni upana wa jora kabla ya kununua. Majora mengi ya zulia la ukuta kwa ukuta yana upana wa mita 3.66 au 4, na upana huo ndio unaoamua viungo vitaangukia wapi. Kateni kwamba hakuna kiungo kitakachowekwa mlangoni.

Kisha andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari. Maneno haya yanatosha: “Fundi atatandika zulia katika vyumba vilivyotajwa. Katika kila mlango, zulia litaishia chini ya mlango uliofungwa na litabanwa kwa ukanda wa alumini wenye skrubu. Mlango utafunguka bila kusugua. Kasoro ya pindo itakayoonekana ndani ya siku 30 itarekebishwa na fundi kwa gharama yake.” Pande mbili zitie saini, na shahidi mmoja.

Msilipe fedha yote siku ya kwanza. Kama kazi ni ya shilingi 400,000, mnaweza kukubaliana 200,000 za vifaa, 100,000 siku ya kutandika, na 100,000 zilizobaki baada ya siku 14. Fedha hiyo iliyobaki ndiyo itakayomrejesha fundi Kipatimu. Pasipo hiyo, mtategemea simu yake kupokelewa. Naye fundi mwaminifu hataikataa, mradi mmekubaliana mapema na mnamlipa kwa wakati. Kumcheleweshea fedha yake bila kasoro yoyote ni dhuluma kama ilivyo dhuluma kazi mbovu.

Daini risiti. Mamlaka ya Mapato imetuzoesha kusema “ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti,” na wengi hudhani ni jambo la kodi tu. Kwa mlaji, risiti ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba alinunua, lini, na kwa bei gani. Kamati zinazoshika michango ya msikiti au kanisa zina wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa fedha hiyo ni ya wengi. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kusimama mlangoni siku ya mwisho, avue viatu, na aseme kama kazi imepokewa au haijapokewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wananchi, hatuna mengi zaidi. Jioni hii mkifika nyumbani, piteni mlangoni bila viatu na mburute unyayo juu ya pindo la zulia. Likinasa mguu wenu mnaolijua, litaangusha mguu wa mgeni asiyelijua. Pigeni picha, tafuteni risiti, kisha mjulisheni fundi kabla ya kulala.